Volti 338 kwenye tyubu ya 300: makosa ya amplifaya yangu ya kwanza ya EL84

Amplifaya yenyewe ina tyubu tatu tu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. ECC83 moja, ambayo ndani ya kioo chake mna tyubu mbili, inapokea sauti ya kushoto na ya kulia. EL84 mbili zinasukuma spika, kila moja ya kwake. Ukiitazama saketi karatasini utasema ni kazi ya jioni mbili. Ilichukua miezi saba, ikaua EL84 mbili, transfoma ya umeme ikasukwa mara mbili, na gharama ikakaribia maradufu ya nilivyopanga. Naandika mambo kama yalivyokuwa kwa sababu hasara karibu zote zilitokea penye chuma na volteji, sehemu ambazo anayeanza hazitazami. Pesa iliyokwenda kwenye vitu vya kifahari haikusikika spikani hata kidogo.

EL84 ilitolewa na Philips mwaka 1953, na ndiyo iliyomo ndani ya saketi maarufu ya Mullard 5-10 na ndani ya amplifaya ya gitaa ya Vox AC30. Wamarekani huiita 6BQ5, Warusi wana ndugu yake 6P14P, na hadi leo mpya zinapatikana kutoka Slovakia na Urusi. Inafanya kazi kwa volti 250, si 400 na zaidi kama baadhi ya tyubu kubwa, na gridi yake (sehemu inayopokea ishara) hutosheka na ishara ya volti chache, hivyo ECC83 nusu moja inaiendesha bila msaada. Hitaji la hita, waya unaoipasha tyubu moto, ni volti 6.3 kwa ampea 0.76. Kwa mtu wa mara ya kwanza sioni tyubu nyingine ya kumshauri, hata kama picha za tyubu kubwa ya 300B zinamtoa udenda.

Vipimo vya kitabu kwa EL84 moja inayofanya kazi peke yake ni hivi: anodi (sahani inayopokea mkondo) volti 250, mkondo wa anodi milliampea 48, wa skrini (gridi ya pili) 5.5, rizista ya kathodi (sehemu inayotoa mkondo) ohm 135, mzigo wa kilo-ohm 5.2. Hapo anodi inakula wati 12, na wati 12 ndio mwisho wake. Volteji ya juu kabisa inayoruhusiwa ni 300. Namba hizo mbili, 12 na 300, ziandike kwa kalamu nene juu ya meza ya kazi. Mimi nilizisoma, nikazipita.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu ya darasani. Nilikwenda kwa fundi wa kusuka mota nikamwambia anisukie transfoma yenye sekondari (upande wa kutolea) ya volti 250, kwa kuwa tyubu inataka 250. Nikalipa Sh 85,000. Lakini volti 250 za AC zikipita kwenye daraja la daiodi na kapasita zinapanda hadi kilele chake, yaani mara 1.41, karibu 353. Isitoshe transfoma ilisukwa kwa umeme wa 230, na ukutani usiku ule mita ilisoma 242. Baada ya tyubu kupata moto na kuvuta mkondo, volteji kuu, yaani DC inayolisha tyubu, ilitulia kwenye 338.

Kwa dakika tatu muziki ulipiga vizuri, na hapo ndipo penye mtego. Kisha, taa ya chumba ilipozimwa, sahani ya kijivu ndani ya EL84 zote mbili ilionekana ina doa jekundu kama kaa. Kathodi zilisoma volti 9.6, gawanya kwa 135, unapata milliampea 71. Toa kama 8 za skrini, zidisha zilizobaki kwa volti 310 zilizokuwa kati ya anodi na kathodi, unapata karibu wati 19.5 kwenye tyubu ya wati 12. Nilizima, lakini siku zilizofuata nilizirudisha kwa "majaribio mafupi" na baada ya wiki zote mbili zilikuwa zimechoka, moja inavuma, nyingine inakwaruza. Sh 110,000 zikaenda na maji.

Balbu ya Sh 1,500 ingenipa onyo mapema. Unafunga balbu ya waya ya wati 60, ile ya zamani inayotoa joto, si LED, kwenye mfululizo na waya wa moto wa amplifaya. Ukiwasha mara ya kwanza bila tyubu, balbu imulike kidogo ikijaza kapasita, halafu ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na hakuna kilichoungua. Unapima volteji zote bila tyubu, unaweka ECC83, unapima, ndipo unaweka EL84. Ukishaona hakuna hitilafu unaiondoa balbu, na hapo hapo, katika dakika ya kwanza bila balbu, unapima kathodi za EL84. Volteji ya kathodi ukigawanya kwa rizista yake inakwambia kila kitu kuhusu afya ya tyubu, na inapimika kwa maltimita ya bei yoyote.

Kabla ya kuingiza mkono ndani, kapasita lazima ziwe tupu. Zangu ni microfaradi 47 na 100, na bila tyubu zilibaki na chaji ya kutosha kumrusha mtu nyuma muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Rizista ya kilo-ohm 220, wati 2, kutoka volteji kuu hadi athi, inazimaliza polepole. Bado huchukua zaidi ya dakika moja kushuka chini ya volti 30. Kwa haraka tumia rizista ya kilo-ohm 1, wati 10, yenye klipu mbili. Bisibisi ikigusishwa moja kwa moja inatoa cheche na kuumiza kapasita. Kisha pima, usikisie. Unapopima amplifaya iliyo hai, klipu ya athi ishikamane na chasisi na mkono wako wa kushoto ukae mfukoni.

Dawa ya haraka ya volteji kuzidi ni rizista kubwa mbele ya kapasita ya pili: kupunguza volti 60 kwa milliampea 110 inataka ohm 560 ya wati 20. Nilijaribu. Ilifanya kazi na kuoka kila kitu kilichokuwa jirani. Nikarudi kwa fundi, Sh 40,000 nyingine, sekondari ikasukwa upya kuwa volti 205, na safari hii nikaomba kitu ambacho ningeomba tangu mwanzo: praimari (upande unaoingiza umeme) yenye tepu mbili, yaani sehemu mbili za kuunganishia, 220 na 240. Umeme wa mtaa wetu nimeupima kwa wiki mbili. Jioni watu wakipika unashuka hadi 218, saa saba usiku unafika 251. Tepu ya 240 inaifanya ile ya usiku isiwe hatari. Volteji kuu sasa ni 268, baada ya choku (koili ya kulainisha DC) ya henri 5. Ukitoa volti zinazopotea kwenye transfoma ya kutolea sauti na zile za kathodi, anodi inabaki na 250 kasoro kidogo.

Rizista ya kathodi nayo nilibadilisha, kutoka 135 kwenda 180. Mkondo wa kathodi ulishuka hadi kama milliampea 44, anodi inakula wati 10 badala ya 12. Nguvu iliyopotea sijaisikia. Tyubu inayofanya kazi kwenye mpaka wake hufa mapema, na umeme wa kwetu haukai palepale kiasi cha kukuruhusu kuukaribia huo mpaka.

Transfoma za kutolea sauti, zinazounganisha tyubu na spika, ndizo moyo wa chombo hiki na ndizo nilizotaka kuzibania. Kuagiza jozi kutoka nje kungegharimu kuliko vitu vingine vyote pamoja, kwa hiyo zilisukwa hapahapa kwa Sh 140,000, kwenye vipande vya chuma vya E na I kutoka stebilaiza mbovu: mguu wa kati upana wa mm 32, mrundikano wa mm 28. Praimari mizunguko 2,800 ya waya wa mm 0.2, imegawanywa nusu mbili za 1,400, na sekondari ya mizunguko 110 ya waya wa mm 0.8 imelazwa katikati ya nusu hizo kama nyama ndani ya sambusa. Uwiano wa 25.45 ukizidishwa kwa wenyewe ni karibu 648, na mara ohm 8 za spika unapata kilo-ohm 5.2. Praimari inasoma ohm 280 hivi. Ukiwa na spika ya ohm 4 kwenye sekondari hiyo hiyo, tyubu inaona kilo-ohm 2.6 na itanung'unika. Mwambie fundi akutolee tepu ya mizunguko 78.

Mahesabu yalikuwa sahihi na besi haikuwepo. Sauti nyembamba kama ya redio ya mkononi. Sababu: fundi alipachika E na I kwa kupishana, moja huku moja kule, kama anavyofanya kwa transfoma yoyote ya umeme. Kwa umeme ni sahihi. Lakini kwenye amplifaya ya tyubu moja kila upande, mkondo wa DC wa milliampea 40 na ushei unapita praimari muda wote, na chuma kisicho na pengo kinashiba sumaku kabla muziki haujaanza. Nilipima kwa mlio kutoka kwenye simu: kwa hezi 1,000 spika ilipata volti 2, kwa hezi 50 ikapata 0.7. Tulifungua, tukapanga E zote upande mmoja na I zote upande wa pili, katikati tukaweka karatasi moja ya fotokopi, ambayo unene wake ni kama mm 0.1. Pengo linapitwa mara mbili, mguu wa kati na miguu ya pembeni, kwa hiyo jumla ni mm 0.2. Tukakaza boliti na kuchovya kwenye vanishi. Hezi 50 zikapanda hadi volti 1.7. Marekebisho yote ya karatasi moja! Besi ya gitaa ikarudi, na kwenye taarabu za zamani ndipo niliposikia kwamba chini ya fidla kulikuwa na mtu anapiga dububesi.

Ukienda kwa fundi wa mota mwambie neno hilo, pengo, mapema na umchoree. Hatalijua, na si kosa lake, mota hazihitaji.

Tatizo la kapasita za kupitisha sauti kutoka ECC83 hadi EL84 lilinipotezea wiki tatu. Nilikuwa nimenunua mbili za kifahari, Sh 120,000, kisha kwa tamaa ya "sauti ya kale" nikachomoa za karatasi na nta kutoka redio ya tyubu mbovu nikaweka hizo. Upande wa kulia ulianza kupata moto kuliko wa kushoto. Kathodi ya kushoto 7.9, ya kulia 9.2, na baada ya saa moja ya kulia ikawa 10.6. Kapasita ilikuwa inavuja: gridi ya EL84, ambayo ilipaswa kusoma sifuri, ilikuwa na +1.9 ikapanda hadi +4 ilivyozidi kupata joto. Kapasita za karatasi za umri huo usiziamini hata moja. Kipimo ni rahisi: tyubu zikiwa hai, pima gridi, mguu wa 2 wa EL84. Ukiona zaidi ya volti 0.1, tupa. Zilizopo sasa ni za polipropilini za kawaida, microfaradi 0.1, volti 630, na kati yao na zile za Sh 120,000 hakuna aliyeweza kutofautisha nilipozibadilisha bila kusema.

Hapo hapo kwenye soketi nikagundua uzembe mwingine. Miguu ya 1, 6 na 8 ya EL84 huonekana mitupu, na ni rahisi kuitumia kama egesho la rizista. Usifanye hivyo, kwa baadhi ya watengenezaji imeunganishwa ndani. Na rizista ya kilo-ohm 1 ilehemiwe juu kabisa ya mguu wa 2, si sentimita tano mbali. EL84 ina nguvu ya ukuzaji kiasi kwamba bila rizista hiyo inaweza kuwa transmita ndogo: kathodi inabadilika ukikaribisha mkono, na redio ya AM ya jirani inalia.

Mvumo nao una lugha yake, jifunze kuisikiliza. Mvumo mzito laini wa hezi 50 unatoka kwenye nyaya za hita au sumaku ya transfoma. Mkali wenye mkwaruzo, hezi 100, unatoka kwenye daiodi na athi iliyopangwa vibaya. Nilikuwa na yote mawili, milivolti 38 kwenye spika. Nyaya za hita zilisokotwa kwa nguvu na kulazwa kwenye kona ya chasisi, rizista mbili za ohm 100 zikatoka kila upande wa hita hadi sehemu ya pamoja, na sehemu hiyo ikapewa volti 47 kutoka kwenye volteji kuu kupitia kilo-ohm 220 na 47. Hilo la mwisho lilishusha nusu ya mvumo. Kisha athi: mkondo wa kujaza kapasita ya kwanza uwe na njia yake fupi kati ya daraja na kapasita hiyo, na athi ya ECC83 isipite njia hiyo kamwe. Chasisi inaunganishwa na athi ya saketi sehemu moja tu, karibu na soketi za kuingizia sauti. Waya wa athi ya ukutani ufungwe kwa boliti yake peke yake, na usikatwe kwa kisingizio cha mvumo.

Nafasi ya transfoma niliipata kwa hedifoni. Kabla ya kutoboa chasisi, washa transfoma ya umeme peke yake, unganisha hedifoni kwenye sekondari ya ile ya kutolea sauti, uizungushe na kuisogeza. Kuna pembe ambapo mvumo unapotea. Mimi nilifanya hivyo baada ya kutoboa, kwa hiyo chasisi yangu ina matundu manne yasiyo na kazi. Mvumo wa mwisho ni milivolti 1.6.

EL84 bila mrejesho, yaani bila kurudisha sehemu ya ishara ya spika mwanzoni mwa saketi, ina ukinzani mkubwa wa kutolea, mahesabu yanatoa kama ohm 60 kwenye spika ya ohm 8. Spika inabaki bila breki: besi inavimba pale ambapo spika yenyewe inapenda kuvimba. Watu wengi huiita hali hii "joto la tyubu". Kwangu ni kasoro, ingawa nakiri kwa sauti ya mwanamke na kanuni (ile ala ya nyuzi) peke yake ina utamu wa dakika kumi. Rizista ya kilo-ohm 22 kutoka sekondari hadi kathodi ya ECC83, yenye kilo-ohm 1.5 isiyo na kapasita, inaleta mrejesho wa kama desibeli 12 na ukinzani unashuka hadi ohm 2 au 3. Ukiiunganisha, volteji ya spika inatakiwa kushuka mara nne. Ikipanda, au amplifaya ikipiga mayowe, nyaya za sekondari zimegeuka, zibadilishane. Fanya jaribio hilo kwa spika usiyoionea huruma. Na usiiwashe kamwe bila spika; niliweka rizista ya ohm 220, wati 5, kwenye matundu ya spika kwa siku ambayo waya utachomoka.

Wati 5 hivi za kila upande zinatosha au hazitoshi kwa kutegemea spika. Ya desibeli 91 inafanya kwa wati 1 kile ambacho ya desibeli 84 inakidai kwa wati 5. Spika ndogo za kisasa za rafu zilinifanya niamini kwa mwezi mzima kwamba amplifaya ni mbovu.

Sanduku la mninga lilikuwa zuri kuliko kila kitu, na lilikuwa tanuri. Ndani nyuzi 68. Matundu ya mm 8 kuzunguka soketi na chini ya sanduku yalishusha hadi 51, na hiyo si anasa: kapasita za elektroliti hupoteza takriban nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Nunua zilizoandikwa nyuzi 105 na volti 450, na zisikae bega kwa bega na EL84. Hita ilikuwa inasoma 6.6, nikaongeza rizista ya ohm 0.1 ya wati 2 kila upande, ikawa 6.25.

Baada ya miezi minane mvumo wa hezi 100 ulirudi ghafla. Hapa pwani hewa ina chumvi, na boliti ya chuma iliyoshika athi kwenye aluminiamu ilikuwa imeota unga mweupe chini yake. Nilikwaruza hadi chuma kionekane, nikaweka washa yenye meno na grisi kidogo juu. Miguu ya tyubu naisafisha kwa spiriti kila baada ya miezi sita, na matundu ya soketi yaliyolegea nayabana kwa sindano, kapasita zikiwa tupu.

Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi ya vipimo vya kathodi. Siku ya kwanza ya tyubu hizi: kushoto 7.9, kulia 7.8. Mwezi uliopita, baada ya miezi 16, kushoto 7.6, kulia 7.3. Moja ikifika 6.3 nitaagiza jozi mpya.